Mwenza Wako Ametoka Ng'ambo? Kadi ya Bima Inataka Cheti

Mapenzi hayaulizi pasipoti. Sisi wa Mwanza tunalijua hilo vizuri, maana jiji letu liko kando ya ziwa linalogawanywa na nchi tatu. Binti wa Kisumu anakuja kumsalimia shangazi yake Kirumba, anakutana na mwalimu wa sekondari, habari inaishia hapo. Kijana wa Kampala anafuata biashara ya samaki, anampata nesi wa Ilemela. Harusi inafanyika, picha zinapigwa Jiwe la Bismarck likionekana kwa nyuma, watu wanakula, wanacheza, wanarudi makwao.

Halafu mgeni wetu anaugua. Au tumbo la miezi minane linataka upasuaji usiku huohuo. Pale dirishani swali linakuwa moja tu: "Una kadi?"

Msomaji, kama wewe ni mtumishi wa umma na mwenza wako si Mtanzania, swali hilo mlijibu leo mkiwa mnakunywa chai. Msingoje usiku wa manane.

Anayo haki?

Ndiyo, kama ni mume au mke wako halali. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, tuliozoea kuuita NHIF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kutoa huduma mwaka 2001, ukianza na watumishi wa serikali. Mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara wake, mwajiri anaongeza asilimia 3. Mwenye mshahara wa shilingi 800,000 anakatwa 24,000, serikali inaweka 24,000 nyingine. Mchango huo unamhudumia yeye, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. Jumla watu sita.

Hapo kinachoangaliwa ni ndoa. Mwenza anathibitishwa kwa cheti cha ndoa, si kwa mahali alipozaliwa. Wala si lazima abadili uraia kwanza. Hili ni muhimu hasa kwa dada zetu, kwa sababu Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania njia maalumu ya kuomba uraia, lakini mwanamume mgeni aliyemuoa Mtanzania haimpi njia hiyo. Kwenye bima, mume mgeni na mke mgeni wote ni wenza.

Na si kwetu tu. Thailand nako mtumishi wa serikali anatibiwa pamoja na wazazi wake, mwenza wake halali na watoto wasiozidi watatu. Huko nako neno zito ni hilohilo: halali.

Sogea tukae haina kadi

Hapa ndipo wengi wanakwama. Mmeishi pamoja Nyegezi miaka mitatu, mtaa mzima unawaita baba na mama fulani, mmenunua hadi friji. Ni kweli Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawatambua kama mume na mke, wanaweza kudhaniwa kuwa wameoana. Lakini dhana hiyo husaidia zaidi mahakamani, mambo yakishaharibika. Afisa utumishi hawezi kuambatisha dhana kwenye fomu.

Mahari nayo haitoshi kwenye karatasi. Ndoa ya kimila ni ndoa kisheria, ila isajiliwe wilayani mpate cheti. Kama mlifungia ndoa kwao, Kenya, Uganda au Ujerumani, sheria yetu inaitambua ndoa iliyofuata taratibu za huko, mradi wote wawili mlikuwa na uwezo wa kuoana. Leteni cheti halisi, na kama kimeandikwa lugha isiyojulikana hapa, kitafsiriwe.

Fanyeni haya mapema

Kwanza, cheti. Mnaotaka kufunga ndoa mkumbuke kuwa notisi ni siku 21, kwa hiyo msipange tarehe kwa pupa.

Pili, ukaazi wa mgeni wenu uwe na kibali kutoka Uhamiaji. Mgeni anayeishi nchini kihalali anaweza pia kupata kitambulisho cha NIDA.

Tatu, muone afisa utumishi ukiwa na cheti na picha, umuingize mwenza wako. Usidhani kwamba kwa kuwa mshahara unakatwa basi jina lake limeshaingia. Watoto nao, kila mmoja na cheti chake cha kuzaliwa.

Nne, jueni kadi inatumika wapi. Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, ndiyo kimbilio la Kanda ya Ziwa, lakini kwa kawaida unaanzia kituo cha chini unapata rufaa. Kwa hospitali binafsi, ulizeni kabla ya kwenda: Machi 2024 baadhi ziliacha kwa muda kuwahudumia wanachama wa NHIF kwa sababu ya mvutano wa bei mpya. Na mkivuka Sirari kwenda kuwasalimia wakwe, kadi hiyo haiwavushi. Wekeni akiba ya safari. Kadhalika, kadi ya Kenya ya shemeji haifanyi kazi Mwanza.

Mkae mzungumze

Kuna jambo ambalo wapenzi hawapendi kuligusa. Kadi ya mgeni wako inaning'inia kwenye ajira yako na ndoa yenu. Ukiacha kazi, au mkiachana, kinga yake inakwenda. Aliyeacha kwao, ndugu zake na kazi yake akakufuata, anastahili kulijua hilo kutoka kinywani mwako na si kutoka kwa karani. Panga naye: bima yake mwenyewe, kazi yake mwenyewe, au akiba yenye jina lake.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na nia yake ni kila mmoja awe na kinga. Vizuri sana. Lakini sheria yoyote ikija, dirishani wataomba karatasi.

Maua ni mazuri, chakula cha jioni Capri Point kinanoga. Ila mwezi huu, mpenzi msomaji, mpeleke mwenza wako kwa afisa utumishi.