Lala Mjini Kwanza, Ndipo Upande Meli

Mama yangu alifundisha jiografia Mwanza kwa miaka mingi, na kuna swali moja lililowaangusha wanafunzi wake kila mara: kwa nini Misri ya Juu ipo chini kwenye ramani? Jibu ni mto. Naili hutiririka kuelekea kaskazini, kwa hiyo "juu" ni kule yanakotoka maji, yaani kusini. Alilieleza hilo ubaoni hadi chaki zikamwishia, bila kuwahi kuuona mto wenyewe ukipita Misri. Alipostaafu nikajua zawadi yake ni ipi.

Mawakala wa safari niliowauliza walinipa mpango uleule. Unafika Cairo jioni, asubuhi unaona piramidi, mchana unapanda ndege ya Luxor, jioni umo melini. Siku nne majini, halafu kutoka gatini Aswan unakimbizwa uwanja wa ndege. Mama aliisoma karatasi ile, akavua miwani. "Mwanangu, na kukaa tutakaa lini?"

Tukaipangua. Tukalala Cairo siku tatu, Luxor mbili, melini nne, Aswan mbili. Tangu turudi, kila anayeniuliza kuhusu Misri namshauri hivyo hivyo: meli usiikate, ila ipe miji huku na huku. Meli hukuonyesha mji kwa saa mbili za mchana, pamoja na abiria wa meli nyingine zote zilizofika asubuhi hiyo. Mji wenyewe huanza kuongea wakishaondoka.

Cairo tulipanga hoteli ndogo karibu na Mtaa wa al-Muizz, ndani ya mji ulioasisiwa na Wafatimi mwaka 969. Piramidi tuliziona, bila shaka, na jumba jipya kubwa la makumbusho la Giza, lililofunguliwa rasmi Novemba 2025, linastahili siku nzima. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni jioni za al-Muizz: taa za misikiti zikiwashwa, watoto wakicheza mpira chini ya kuta za karne ya kumi na moja, mkate wa moto ukipita juu ya kichwa cha kijana anayeendesha baiskeli kwa mkono mmoja. Msikiti wa al-Azhar upo hatua chache tu, na chuo chake kimesomesha vijana wengi kutoka pwani yetu. Asubuhi moja tulikwenda Msikiti wa Ibn Tulun, uliokamilika mwaka 879. Ua wake ni mpana na mtupu, na kelele za jiji lote hufia nje ya ukuta. Mama alikaa kwenye kivuli cha nguzo karibu saa nzima. Hakuna mpango wa siku moja unaokupa saa hiyo.

Sokoni Khan el-Khalili aligundua kwamba neno moja la Kiswahili linamtosha. Alishika mtandio, akatajiwa bei kwa Kiingereza, akajibu kwa Kiswahili chake: "Ghali!" Muuzaji alishtuka, kisha akacheka hadi akaita jirani yake aje asikie. Neno ni lao, ni letu pia. Na "rahisi" ya bei nao wanayo, karibu kwa sauti ileile.

Luxor inataka miguu na mapema ya alfajiri. Hekalu la Karnak lina ukumbi wa nguzo 134, na zile 12 za katikati hupanda takriban mita 21. Ukiingia kabla ya mabasi kufika, unasikia njiwa. Lakini hekalu lililonishika zaidi ni la Luxor lenyewe, katikati ya mji, kwa sababu bado linasaliwa: Msikiti wa Abu Haggag umejengwa ndani yake, juu ya magofu. Zamani hekalu lilikuwa limefukiwa na mchanga na taka za karne nyingi, na msikiti ukajengwa kwa kimo cha ardhi ya wakati huo. Mchanga ulipochimbwa, mlango wa zamani wa msikiti ukabaki ukining'inia juu ukutani, mita kadhaa kutoka sakafu ya Mafarao. Tulikuwa chini yake adhana ya magharibi ilipotoka.

Siku ya pili tulivuka kwa feri ya umma, ileile inayobeba walimu, baiskeli na magunia ya vitunguu, hadi ukingo wa magharibi. Watalii wengi hukimbilia kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa na Howard Carter mwaka 1922. Sisi tulianzia kwenye hekalu la Malkia Hatshepsut, ambako kuta zinasimulia msafara aliouagiza kwenda nchi ya Punt karibu miaka 3,500 iliyopita. Wataalamu wengi wanaiweka Punt upande wa Bahari ya Shamu na Pembe ya Afrika. Zimechongwa jahazi zikipakiwa miti ya ubani na mizizi yake, nyani wakipanda kwenye kamba. Hapo ndipo nilipomwelewa mama vizuri: kwake Misri ilikuwa sehemu ya bara letu hili, na alikuwa akitafuta njia za kuifikia.

Tulipoingia melini, basi, tulikuwa tumechoka kwa haki. Na meli ikatufaa kwa kazi ambayo hakuna hoteli inayoiweza, kwani unapumzika huku unasafiri. Begi hufunguliwa mara moja tu. Sitahani unaona migomba, mashamba ya miwa, yangeyange wamesimama matopeni, na nyuma ya ukanda ule mwembamba wa kijani jangwa linaanza ghafla. Mahekalu ya Edfu na Kom Ombo yako njiani, mazuri yote mawili. Chunguza jambo moja kabla ya kulipa: gatini meli hufungwa ubavu kwa ubavu, na dirisha lako linaweza kutazamana na dirisha la jirani. Mwenye nafasi na atafute dahabiya, chombo kidogo cha matanga chenye vyumba vichache.

Esna meli husubiri zamu kwenye lango la maji la kuzipandishia. Wachuuzi huja kwa mashua ndogo, hujifunga kwa kamba ubavuni mwa meli, kisha hurusha juu kanzu na vitambaa vilivyofungwa kwenye mifuko ya plastiki. Ukikubali bei, unarudisha mfuko ukiwa na pesa. Nilisikia sauti ya mama kutoka sitaha ya juu ikishuka hadi majini: "Ghali!"

Aswan ndipo mto unapokuwa mzuri kuliko kote, visiwa na mawe meusi ya matale, na ndipo pia panapouma. Bwawa Kuu, lililojengwa kati ya mwaka 1960 na 1970, lilizamisha nchi ya Wanubi. Waongozaji watalii husimulia kwa fahari jinsi hekalu la Abu Simbel lilivyokatwa vipande na kupandishwa mita 65 kati ya 1964 na 1968, na la Philae likahamishiwa kisiwa cha Agilkia. Kwa upande wa Misri peke yake, watu wapatao 50,000 walihamishwa nao, wakapelekwa mbali na mto, na hao hupewa sentensi moja. Makumbusho ya Nubia, yaliyofunguliwa 1997, huwapa nafasi yao. Nenda huko kabla ya Philae. Sisi tuliweza kwa sababu tulikuwa na siku mbili. Abiria wenzetu walikuwa tayari angani.

Jioni ya mwisho tulikodi feluka. Tanga lake la pembe tatu mtu wa pwani yetu angelitambua mara moja. Upepo wa kaskazini ndio uliosukuma vyombo kwenda kusini tangu enzi za Mafarao, na mkondo ukavirudisha. Katika maandishi yao, chombo chenye tanga kilimaanisha kwenda kusini, na kisicho na tanga kwenda kaskazini. Kilimani magharibi lilionekana kaburi la Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waismaili, yule aliyepimwa kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946. Mjukuu wake alizikwa Aswan pia, Februari 2025.

Mama aliingiza mkono majini. "Haya yametoka kwetu," alisema. Kisha mwalimu ndani yake akamsahihisha: "Baadhi. Mengi ni ya Ethiopia." Nahodha akakusanya tanga ili mkondo uturudishe gatini, akaanza kushika kasia. Mama akamwinulia kiganja kilicholowa, asubiri. Akaliweka kasia chini.