Msiibomoe Nyumba ya Mbao

Kila Desemba, familia zinaporudi Meru na Embu kwa Krismasi, huulizwa swali moja: nyumba ya mbao aliyoiacha mzee tuibomoe, tujenge vyumba vya kupangisha wageni? Mimi ni msanifu majengo, na jibu langu halijabadilika. Hiyo ya mbao ndiyo ya kupangisha.

Mgeni anayetoka Nairobi kwa siku tatu ameacha zege na vigae kwake. Hapandi hadi Nkubu au Runyenjes kuvitafuta tena. Anataka sakafu inayolia chini ya mguu, baraza linalotazama mashamba ya kahawa, na usiku wa baridi wenye blanketi zito.

Wengine wamelijua hili zamani. Mwaka 2000 UNESCO iliutia Mji Mkongwe wa Zanzibar katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka huohuo ikaingiza kitovu cha kale cha Bruges, Ubelgiji. Lamu ikafuata mwaka 2001. Katika miji yote mitatu zipo nyumba za kale zinazopangishwa watu wa likizo, na pesa za wageni ndizo zinazomlipa fundi wa chokaa na wa paa. Miji yetu ni michanga: Waingereza waliweka kituo Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908. Jengo la mawe la zamani kuliko yote mjini Meru ni la mwaka 1916. Lilikuwa ofisi ya mkuu wa wilaya, na tangu 1974 ni makumbusho. Limedumu kwa sababu lilipewa kazi. Hoteli ya Isaak Walton pale Embu, iliyopewa jina la Mwingereza aliyeandika juu ya uvuvi mwaka 1653, bado inapokea wageni. Lakini nyumba za wazee wetu wenyewe, waliojenga kwa pesa za kahawa, nazo ni historia, na hizo hakuna anayezilinda isipokuwa wenyewe.

Sasa tuingie chini ya nyumba, maana ndiko uhai wake uliko. Nyumba nyingi za mbao za huku zimeinuliwa juu ya nguzo ili hewa ipite na mbao zikauke baada ya mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba. Mutarakwa una mafuta yanayowachukiza mchwa, lakini hakuna mti unaovumilia unyevu usiokauka. Fundi anayemwaga zege kuzunguka nguzo anadhani anaiimarisha. Kumbe anatengeneza kikombe: maji huingia kwenye ufa kati ya mti na zege, hayatoki, na nguzo huoza mahali ambapo jicho halifiki. Rangi ya mafuta juu ya ubao mbichi hufanya vivyo hivyo. Acheni hewa ipite, rekebisheni mabati na mifereji, na bafu lijengeni pembeni kwa mawe. Shawa ya umeme hula takriban kilowati 5, mzigo usiofaa waya wa soketi uliofungwa miaka mingi iliyopita; ivutieni waya wake mnene moja kwa moja kutoka kwenye swichi kuu.

Jambo linaloninyima usingizi ni jiko la makaa. Baridi ya mlimani humfanya mgeni aombe moto, na mwenyeji mwema humwingizia jiko chumbani. Makaa yaliyokwisha kushika, yasiyotoa moshi, yanaonekana salama, lakini bado yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husinzia, halafu haamki. Jiko la makaa lisilale chumbani hata kwa dakika kumi, hata mgeni akisihi. Toeni blanketi mbili zaidi, au jengeni jiko la kuni lenye dohani inayotoka nje ya paa, na muweke king'ora cha gesi hiyo.

Kuhusu karatasi: Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 iliunda mamlaka ya kudhibiti utalii, na nyumba ya kulaza wageni inahitaji leseni yake pamoja na kibali cha biashara cha kaunti. Ila kizuizi ninachokutana nacho mara nyingi zaidi ni shamba kubaki kwa jina la marehemu. Malizeni urithi mahakamani kwanza, dada zenu wakiwemo, kabla ya kununua hata kitanda. Nimeona nyumba nzuri ikifungwa kufuli kwa sababu ndugu mmoja hakuulizwa.

Basi kabla mvua za Machi hazijaanza, chukueni tochi na kisu, mwingie chini ya sakafu, mchome kila nguzo pale inapogusana na ardhi. Kisu kikizama kama katika nduma iliyochemshwa, badilisheni nguzo hiyo peke yake. Zilizobaki ziacheni zilivyo.