Nguo na Kazi

Mtu anapokwenda kuomba kazi, yule anayempokea hamjui. Hajaona kazi ya mikono yake. Hajui kama ni mwaminifu au mwizi. Kwa hiyo huanza kumpima kwa macho. Kipimo hicho si cha haki siku zote, maana hata mwizi anaweza kufunga tai. Lakini kipo, na afadhali tukijue.

Wengi hufikiri kinachopimwa ni bei ya nguo. Wengine hukopa fedha ili wanunue suti. Hilo ni kosa. Tazama kazi ya mpishi wa shule. Mama mmoja anakuja kuiomba amevaa gauni la sherehe, na kucha zake ni ndefu. Mwingine amevaa gauni la mtumba lililofuliwa vizuri. Amefunga kitambaa kichwani na kucha amekata. Mwalimu mkuu atamchukua nani? Kucha ndefu huficha uchafu, na uchafu huo huingia katika uji wa watoto. Mavazi ya mama wa pili yanaonyesha kwamba anaijua kazi. Siku akitafutwa mtu wa kushika ufunguo wa stoo, huenda akafikiriwa yeye. Ila kama unga uliopo haulingani na daftari, usafi wa nguo hautamsaidia.

Kila kazi ina nguo zake. Kwenye mashine ya kusaga, khanga inayoning'inia inaweza kunaswa na mkanda na kumvuta mtu. Hapo nguo nadhifu ni ile isiyoning'inia.

Ofisi nazo zina taratibu zake. Nchini Tanzania, kuna waraka wa utumishi unaoeleza mavazi ya watumishi wa umma. Nguo fupi sana na za kubana hazitakiwi. Mtendaji wa kijiji naye ni mtumishi wa umma. Taratibu hizi hutofautiana. Suti ya Kaunda, yenye jina la Rais wa kwanza wa Zambia, ilivaliwa na viongozi wengi wa Afrika. Lakini Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya aliizuia bungeni. Basi uliza kwanza.

Je, kama huna pasi? Fua nguo mapema, uianike kivulini ikiwa imegeuzwa ndani nje, ili rangi isipauke. Ikikauka, ikunje kwa kufuata mistari yake. Ilaze chini ya godoro usiku kucha. Asubuhi utaikuta imenyooka.