Uzamili wa Mtu wa Manyovu: Nani Anabeba Milioni 29?

Mtumishi wa umma aliyeko Manyovu, katika wilaya ya Buhigwe iliyomegwa kutoka Kasulu, akitaka kusomea familia na makuzi ya watoto hadi uzamili, fani iliyo karibu ni ustawi wa jamii. Anaweza kwenda Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka nyumbani, au kusoma akiwa kazini kupitia Chuo Kikuu Huria, chenye kituo Kigoma mjini.

Makadirio yafuatayo ni yangu. Mwenye bei zake aziweke. Mshahara wa msingi sh. 900,000, ada sh. 5,000,000 kote kuwili. Dar es Salaam, miezi 18 ya chumba, chakula na nauli kwa sh. 450,000 ni sh. 8,100,000. Akiwa likizo bila malipo, anapoteza mshahara wa sh. 16,200,000. Jumla ni sh. 29,300,000, na ada, ambayo ndiyo huulizwa kwanza, ni asilimia 17 tu.

Kwa Chuo Huria, safari 10 za Kigoma kwa sh. 80,000 na intaneti ya sh. 40,000 kwa miezi 24 vinaongeza sh. 1,760,000. Jumla sh. 6,760,000. Hapa nimekadiria kwamba atamaliza kwa miaka miwili, huku akilea watoto na kulima. Nina shaka.

Tuseme akihitimu anaongezwa sh. 200,000. Pensheni asilimia 5 inachukua 10,000, bima ya afya asilimia 3 inachukua 6,000, kodi 49,750. Akiwa bado anadaiwa na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ni 30,000 nyingine. Mfukoni inaingia sh. 104,250. Kwa kiasi hicho, Chuo Huria kinajilipa kwa miaka 5 na miezi 5. Dar es Salaam bila mshahara, miaka 23 na zaidi. Akipewa ruhusa yenye malipo, gharama yake inashuka hadi sh. 13,100,000, miaka kama 10 na nusu. Zile milioni 16.2 zinahamia kwa mwajiri.

Dhana dhaifu kuliko zote ni hiyo nyongeza. Cheti hakipandishi mshahara chenyewe; pasipo nafasi ya kupandishwa cheo, mgawanyo wote huu unakosa kigawanyo.

Sasa tuligeuzie hesabu mkoani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,470,967 katika mkoa wa Kigoma, wenye halmashauri 8. Kusomesha mtu mmojammoja kwa kila halmashauri kwa njia ghali ni sh. 234,400,000, yaani sh. 95 kwa kila mkazi. Kwa Chuo Huria, sh. 22. Ila kila mhitimu atakuwa na watu 308,871 wa kuwahudumia, na hapo nimechukulia kwamba wote 8 watarudi.