Kozi za programu za simu: Soma tarehe kabla ya kulipa

WAPO wafanyabiashara na wakulima waliosomea kompyuta vyuoni, wakaandika programu kwa lugha ya Java, kisha wakaingia kwenye duka la pembejeo au ufugaji wa kuku na kuiacha fani hiyo. Baadhi yao sasa wanataka kuirudia, watengeneze programu ya simu ya kutunza hesabu za mauzo na madeni ya wateja.

Kozi za kwenye intaneti ni nyingi, lakini si zote zinazofaa. Kama unavyosoma tarehe kwenye pakiti ya mbegu, soma pia ya kozi. Mwaka 2019 Google ilitangaza kuwa Kotlin ndiyo lugha inayopewa kipaumbele kwa simu za Android. Mwaka 2021 ikatoa Jetpack Compose, zana ya kutengeneza sura ya programu. Kozi isiyozitaja hizi mbili imepitwa na wakati. Hata hivyo, Java uliyoisoma haijapotea, kwani hufanya kazi pamoja na Kotlin.

Pili, angalia kiwango. Aliyewahi kuandika programu hana haja ya kulipia masomo ya kujumlisha namba mbili. Chagua kozi inayoruhusu kuruka sura.

Tatu, anza na za bure. Google inatoa bure kozi ya Android Basics with Compose, pamoja na Android Studio, zana ya kuandikia programu. Kompyuta iwe na RAM ya GB 8 au zaidi. Ikiwa nzito, jaribia programu kwenye simu yako kwa waya wa USB.

Nne, usivutwe na cheti. Mteja anataka programu inayofanya kazi hata mtandao ukikatika. Hivyo kozi ifundishe kuhifadhi kumbukumbu ndani ya simu.

Aidha, tenga fedha za kuipeleka sokoni. Google Play hutoza dola 25 mara moja, wakati Apple hutoza dola 99 kila mwaka. Akaunti binafsi za Google Play zilizofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 zinahitaji watu 12 waijaribu programu kwa siku 14 mfululizo. Wateja wako wa dukani wenye simu za Android wanaweza kuifanya kazi hiyo.

Jifunze bure kwa wiki mbili kwanza. Ukiona unasonga mbele, ndipo ulipie kozi.