Krepu za Kijapani na Namna ya Kuzipika Nyumbani

Mabibi wa nyumba wanaotusoma hawahitaji kufunzwa chapati ya maji. Unga hukorogwa kwa maji na yai, uji wake humiminwa juu ya chuma kilichopata moto, na kabla mtoto hajauliza kama imewiva, imekwisha wiva. Chakula tunachokusudia kukieleza mwezi huu ni ndugu wa chapati hiyo, ila yeye amezaliwa Ufaransa na kulelewa Japani, na huko kwenye malezi ndiko alikopata tabia zake.

Wafaransa humwita crêpe, na asili yake ni jimbo la Bretagne, upande wa magharibi wa nchi yao. Wapishi wa huko hutumia chuma cha mviringo kisicho na ukingo, na uji huutandaza kwa kijiti chenye umbo la herufi T. Wajapani nao wanacho kijiti hicho, nao wamekiita tombo, yaani kereng'ende, kwa kuwa wamekiona kinafanana na mdudu huyo. Mfaransa huridhika kuinyunyizia krepu yake sukari, au kuipaka siagi au jemu, akaikunja akaila. Mjapani hakuridhika. Mwaka 1976, mjini Tokyo katika mtaa wa Shibuya, watu wa duka liitwalo Marion walianza kuziuza garini, na mwaka uliofuata wakafungua duka katika kichochoro cha Takeshita, karibu na stesheni ya Harajuku. Kichochoro hicho urefu wake ni kiasi cha mita 350 tu, walakini vijana hujaa humo hata mtu hupita kwa kusukumwa.

Hapo ndipo krepu ilipogeuka. Ilisokotwa kama kile kikaratasi cha kutilia njugu, ikajazwa malai yaliyopigwa, ndizi, stroberi, chokoleti, aiskrimu, hata kipande kizima cha keki ya jibini, kisha ikavishwa karatasi ili mtu aile kwa mkono mmoja huku akitembea. (Sisi wazee wetu walitufunza kula tumekaa, na krepu haiharibiki kwa kuliwa na mtu aliyekaa.) Mbele ya maduka huwekwa sanamu za krepu za plastiki zilizopangwa kwa namba, na mgeni asiyejua hata neno moja la Kijapani huweza kunyosha kidole akapewa aitakayo.

Tatizo ni kwamba kidole hakiulizi kilichomo ndani. Uji wenyewe hauna neno: ni unga wa ngano, mayai, maziwa, sukari na siagi. Mambo yamo katika vijazo. Chokoleti na kastadi nyingine hutiwa ramu kwa ajili ya harufu. Vitu vinavyotetemeka kama jeli, na vingine laini kama povu, hushikizwa kwa jelatini, ambayo mara nyingi hutolewa katika ngozi ya nguruwe. Na krepu za chumvi huweza kuwekwa hamu. Kijana wetu aliyeko huko masomoni na ayashike maneno manne: buta ni nguruwe, zerachin ni jelatini, raado ni mafuta ya nguruwe, na yoshu ni pombe za kizungu zitiwazo katika vitamutamu. Akiyataja kwa adabu, muuzaji atamfahamu. Na akitaka kuuliza Waislamu wenziwe, Msikiti wa Tokyo hauko mbali: kutoka stesheni ya Meiji-jingumae, iliyo jirani na Harajuku, ni vituo viwili tu vya treni hadi Yoyogi-Uehara. Msikiti wa kwanza mahali hapo ulijengwa na Waislamu wa Kitatari mwaka 1938, na huu uliopo sasa ulifunguliwa mwaka 2000.

Wala asidhani msomaji kwamba jambo hili liko Japani peke yake. Sisi wenyewe lilitufika jikoni mwetu. Ilikuwa siku ya Idi, watoto wameahidiwa krepu tangu katikati ya Ramadhani, na sisi, kwa kuogopa malai yasije yakayeyuka kwa joto, tulinunua pakiti ya unga wa kuyakazia. Tuliyapiga yakasimama vizuri ajabu. Bibi yetu, ambaye hasomi ila kwa miwani na hasomi haraka, aliichukua ile pakiti tupu akaigeuza, akauliza, “Wanangu, hii jelatini ni ya mnyama gani?” Tulisoma pande zote nne, hapana mahali palipoandikwa. Wako wanavyuoni wasemao kwamba kitu kikigeuka kabisa hukumu yake hugeuka nacho, na wako wasiokubali hayo katika jelatini. Basi kila nyumba na imwulize shekhe wake. Sisi siku ile hatukuwa na wa kumwuliza, wageni wako mlangoni, na Bibi hakusema neno la pili. Bakuli zima la malai likamwagwa, na mtoto wetu mdogo akalia mpaka akapata kwikwi.

Tangu siku hiyo tunapika kwa namna hii, na haina pakiti ndani yake.

Chukua unga wa ngano gramu 100. Unga wa keki ndio ufaao. Ule wa chapati una nguvu nyingi, na krepu zake huvutika kama mpira. Kama huna ila huo, ondoa gramu 15 utie kornifulawa badala yake. Chekecha unga pamoja na sukari gramu 20 na chembe ya chumvi. Vunja mayai 2 katikati, koroga kutoka katikati kwenda pembeni, huku ukitia maziwa mililita 250 kidogo kidogo ili usipate madonge. Mwisho tia siagi gramu 20 iliyoyeyushwa. Usiupige kwa nguvu kama upigavyo keki. Uchuje, uufunike, uuache mahali pa baridi saa nzima. Saa hiyo wengi huikata kwa haraka, na ndiyo itakayokupa krepu laini isiyochanika, kwa maana unga hupata nafasi ya kunywa maziwa.

Kikaango kiwe kipana na kisichogandisha chakula. Kipake siagi kwa kitambaa, ukipate moto wa wastani. Tone la uji likilia polepole, ndipo. Mimina upawa mmoja mdogo, ukizungushe mara moja kwa mkono, usirudie. Pembe zikianza kuwa na rangi ya dhahabu, pitisha mwiko mwembamba chini yake, geuza, hesabu hadi kumi na tano, uondoe. Ya kwanza takriban kila mara huharibika, wape watoto. Nyingine zipange moja juu ya mwenzie na uzifunike, zisikauke. Utapata kiasi cha nane.

Ama kijazo, sisi tumeacha malai siku za joto kali, tunapika kastadi. Koroga viini 2 vya mayai na sukari gramu 50 na kornifulawa gramu 20. Mimina juu yake maziwa ya moto mililita 250 taratibu huku ukikoroga, urudishe yote motoni, ukoroge bila kuacha mpaka itokote na kuwa nzito. Kornifulawa huishikiza bila ya jelatini yoyote. Kwa harufu, iliki iliyosagwa yatosha, nayo hutuondolea maneno ya arki ya vanila iliyolowekwa katika pombe.

Krepu ikipoa, izingatie kama saa ya ukutani. Paka kastadi katika pembetatu ya juu tu, kati ya saa tano na saa saba, panga vipande vya ndizi au embe. Kunja nusu ya chini iende juu, kisha sokota kutoka upande mmoja mpaka wa pili, ncha ibaki chini. Ivishe karatasi safi.

Idi iliyofuata tulizipika arubaini. Bibi alikula mbili, amekaa, kisha akauliza kwa nini hatukumtilia embe zaidi.