Klachi Mpya, Pedali Yazama

Lori letu la kubebea majani ya chai lilitiwa klachi mpya. Kesho yake pedali ilizama hadi sakafuni, gia zikalia, lori halikutoka. Msimamizi akataka dereva akatwe mshahara, ati ameunguza klachi. Klachi ambayo haijatembea hata kilomita moja!

Tuliomba giaboksi isishushwe kwanza. Kikopo cha mafuta ya breki kilijaa, na hapakuvuja popote. Tanboi alipoipiga pedali upesi upesi, ikapanda kidogo. Hiyo ni dalili ya upepo ndani ya bomba. Tukazuia magurudumu kwa mawe. Mmoja akakanyaga na kushikilia. Mwingine, chini ya gari, akafungua skrubu ya silinda ya chini, mapovu yakatoka, akafunga kabla mguu haujaachia. Tukarudia mpaka yakaja mafuta matupu, huku tukijaza kikopo kisikauke. Pedali ikasimama. Msitie humo mafuta ya injini, huvimbisha raba.

Pedali ikiwa sawa na gia bado zinalia, huenda diski imefungwa kinyume. Hapo giaboksi itashuka tu, na dereva hahusiki.

Trekta lenye klachi ya fimbo halina upepo wa kutoa. Pimeni mchezo wa pedali kwa kufuata kitabu chake. Ukikosekana, klachi huteleza na beringi huisha mapema.

Fundi alitia sahihi maelezo, na dereva hakukatwa. Siku moja aliyorudishwa nyumbani bado tunaidai.